Choo Kinachovuja Hunywa Maji ya Ng'ombe: Jinsi ya Kubadili Valvu Yake

Mkulima akiona koki ya uani inatiririka huifunga upesi, kwa sababu maji yanaonekana yakipotea. Lakini kuna maji mengine yanayopotea nyumbani mchana na usiku, bila kuonekana na bila kelele. Hayo ni maji ya choo cha kuvuta. Hutoka katika tangi dogo lililo nyuma ya choo, hupita chini ya mpira uliochakaa, huingia bakulini na kwenda zake shimoni. Hayaachi tope, wala hakuna mtu anayeyakanyaga. Mwenye nyumba hugundua tu kwamba tangi lake kubwa la maji ya mvua limekwisha kabla ya wakati wake.

Jambo hili linawahusu sana wakulima wa skimu za makazi. Wengine hukaa katika nyumba za mawe zilizoachwa na wakulima wa Kizungu, mashamba yalipogawanywa katika Mpango wa Ekari Milioni Moja ulioanza mwaka 1962. Wengine wamejenga nyumba mpya Kinangop, Ol Kalou, Lugari na kwingineko, wakaweka choo ndani kwa fedha za maziwa, viazi au mahindi. Hayo ni maendeleo mazuri. Lakini anayenunua maji kwa mita huiona hasara ya kuvuja katika bili yake. Wewe ambaye maji yako umeyakinga kwenye paa, au umeyapandisha kwa pampu kutoka kisimani, hutaletewa bili yoyote. Utaambiwa na ng'ombe wako.

HESABU YA MAJI YANAYOPOTEA

Tuseme valvu ya choo inavuja robo lita kwa dakika, yaani kiasi cha kikombe kimoja cha chai. Ni kidogo, na huenda usione hata mtikisiko katika bakuli. Lakini kwa saa moja ni lita 15, na kwa siku nzima ni lita 360. Tangi la lita 5,000 haliwezi kumaliza siku 14, hata kama hakuna mtu aliyekunywa wala kuoga.

Sasa fikiri juu ya boma lako. Ng'ombe wa gredi anayekamwa huhitaji kiasi cha lita 60 hadi 100 za maji kwa siku, kwa kadiri ya joto, chakula chake na maziwa anayotoa. Basi choo hicho kimoja kinakunywa maji ya ng'ombe wanne au watano. Tena, katika kila lita 100 za maziwa, karibu lita 87 ni maji. Ng'ombe asiyeshiba maji hawezi kujaza ndoo, hata ukimpa majani mazuri namna gani.

Tazama pia jinsi maji hayo yalivyopatikana. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya paa la mita 60 za mraba huleta lita 60, kama hakuna tone linalopotea. Ili ujaze tangi la lita 5,000 unahitaji zaidi ya milimita 83 za mvua juu ya paa hilo. Mpira mmoja uliochakaa huweza kuimaliza mvua hiyo yote katika wiki mbili za Januari, wakati mawingu yamekwisha kwenda.

Kuna hasara ya pili. Maji yote hayo huingia katika tangi la maji machafu, yaani septiki. Kazi ya septiki ni kuyatuliza maji ili uchafu mzito ukae chini. Maji yakiingia bila kukoma, uchafu haupati nafasi ya kutulia. Hubebwa mpaka katika shimo la kunyonya maji na kuziba udongo wake. Baadaye shimo hufurika, na uchafu wa chooni huonekana juu ya ardhi mahali watoto wanapocheza.

KIFAHAMU KITANGI CHA CHOO CHAKO

Ili tusichanganye mambo, tangi dogo la nyuma ya choo tutaliita kitangi. Ndani ya kitangi cha namna mpya mna vitu viwili vikubwa.

Cha kwanza ni koki ya boya. Hii huleta maji. Kitangi kikijaa, boya hupanda na kuifunga koki.

Cha pili ni valvu ya kumwagia, ambayo husimama katikati, juu ya tundu la chini. Ukibonyeza kitufe, valvu huinuka na maji hushuka kwa nguvu bakulini. Kisha hukaa tena juu ya kitako chake, na mpira wake wa kuzibia hulizuia tundu. Valvu hiyo ina pia bomba dogo lililo wazi juu. Boya likikosa kuifunga koki, maji ya ziada huingia katika bomba hilo na kushuka bakulini badala ya kumwagika sakafuni. Hilo ni jambo jema kwa sakafu, lakini ndilo linaloficha hasara.

Vitangi vingi vya zamani, vile vya kuvuta kwa mnyororo au kwa mkono wa pembeni, havina valvu ya chini. Vina mrija uliopinda. Maji hayawezi kutoka mpaka mtu avute na kuyapandisha juu ya kona ya mrija. Yakishapita kona hiyo hujivuta yenyewe mpaka kitangi kiwe kitupu. Mrija wa namna hii hauna mpira wa chini unaoweza kuyapitisha maji wakati umetulia. Kwa sababu hiyo Uingereza ilishikilia mrija huo kwa miaka mingi, na valvu za chini ziliruhusiwa huko katika vyoo vya majumbani tangu mwaka 2001 tu. Kwa hiyo usishangae mzee akikuambia kwamba choo cha Mzungu hakikuwa kikivuja kama hiki chako kipya.

KIPIMO CHA PENSELI

Usinunue kitu chochote kabla ya kujua ni kipi kilichoharibika. Kipimo ni hiki, nacho hakihitaji fundi.

Subiri mpaka kitangi kijae. Inua kifuniko polepole, ukilaze sakafuni juu ya gunia, kwa maana ni cha udongo mweupe wa kuchoma na huvunjika kama sahani. Chora alama ya penseli ndani, mahali maji yalipofika. Kisha funga koki ndogo iliyo kwenye bomba la kuingizia maji. Mwambie kila mtu nyumbani asikitumie choo hicho kwa nusu saa. Baada ya hapo tazama alama yako.

Kama maji yameshuka chini ya alama, yanapita kwenye valvu ya kumwagia, isipokuwa ukiona sakafu imelowa. Kama hayakushuka, fungua koki tena na uangalie. Yakipanda mpaka yanaingia katika lile bomba la maji ya ziada, kosa ni la koki ya boya, wala usiiguse valvu.

Kama bado una mashaka, tia rangi ya chakula katika kitangi na usivute. Rangi ikionekana bakulini baada ya nusu saa, ujue valvu inavuja.

JARIBU KWANZA KUSAFISHA MPIRA

Mara nyingi valvu yenyewe ni nzima, ila mpira wake umeshika mchanga, au umekuwa mgumu. Mpira peke yake ni rahisi kuliko valvu nzima, basi anza hapo.

Jaza ndoo mbili za maji, ili watu wa nyumbani wasikwame. Funga koki, vuta choo, kisha kausha maji yaliyobaki kwa kitambaa au sponji. Valvu nyingi mpya zimefanywa vipande viwili: ukishika mwili wake na kuuzungusha robo ya mzunguko kuelekea kushoto, hutoka katika kitako chake. Usitumie nguvu nyingi. Ikikataa, tazama kama kuna meno ya plastiki yanayoishika pembeni.

Utaona mpira wa duara chini ya valvu. Upanguse vizuri, na upitishe kidole juu ya ukingo wa kitako. Ukikuta mchanga, uondoe. Ukikuta ukoko mweupe wa chokaa, kama ilivyo kwa maji ya visima vingi, uloweshe kwa siki kisha uusugue kwa kitambaa. Usiukwangue kwa kisu, maana mkwaruzo utakuwa njia mpya ya maji. Kama mpira ni laini na haukupinda, urudishe. Kama umekuwa mgumu, umevimba au umepasuka, nenda nao dukani ununue mwingine wa kipimo kilekile.

Kama kitako kina ufa, au mpira wake haupatikani, hapana budi kubadili valvu yote.

VIFAA NA KUNUNUA VALVU

Unahitaji spana ya kupanuka, bisibisi, koleo, kitambaa, beseni, gunia na glavu. Tena unahitaji mtu mmoja wa kukusaidia kuinua kitangi.

Unapokwenda katika duka la vifaa vya ujenzi, chukua valvu ya zamani mkononi. Matundu ya vitangi hayalingani: mengine ni ya inchi 1½ na mengine ni ya inchi 2. Urefu pia haulingani, na kitufe hakifai kila kifuniko. Pima urefu kutoka sakafu ya kitangi mpaka tundu la kifuniko uuandike. Nunua pamoja na mpira mnene unaokaa kati ya kitangi na bakuli, na mipira midogo ya bolti. Mipira ya zamani ikishakandamizwa miaka mingi hairudi tena katika umbo lake. Anayebania senti hapo atakishusha kitangi mara mbili.

KAZI YENYEWE

Maelezo haya ni ya kitangi kilichokaa moja kwa moja juu ya bakuli, ambacho ndicho kinachopatikana zaidi siku hizi.

1. Funga koki, vuta choo, na ukaushe kitangi kabisa. Maji yatakayobaki ndani yatakumwagikia miguuni.

2. Weka beseni chini ya bomba la kuingizia maji, kisha ulegeze nati yake kwa spana. Shika koki ya boya kwa mkono wa pili ili isizunguke ndani.

3. Chini ya kitangi, kulia na kushoto, mna bolti mbili zenye nati. Mara nyingi nati hizo zina masikio ya kushikia. Zifungue. Zikiwa na kutu, zitie mafuta kidogo na usubiri, kisha uyafute mafuta yote kabla hujaleta mipira mipya. Kama kitangi kimefungwa pia ukutani kwa skurubu, mwenzako akishike kabla hujaziondoa.

4. Inueni kitangi wima, mkilaze juu ya gunia. Ondoa ule mpira mnene wa chini. Fungua nati kubwa inayoishika valvu, kisha uitoe valvu kwa ndani.

5. Safisha tundu ndani na nje mpaka liwe laini na kavu. Tazama kwa makini kama kitangi kina ufa. Kama kina ufa, usijisumbue kufunga valvu mpya ndani yake.

6. Ingiza valvu mpya, mpira wake ukiwa ndani ya kitangi, kati ya valvu na sakafu ya kitangi. Hakikisha bomba la maji ya ziada haligusi koki ya boya. Kaza nati kubwa kwa mkono mpaka ishike, kisha uongeze robo ya mzunguko kwa spana. Usipake grisi wala mafuta ya gari. Mafuta hayo huula mpira.

7. Vika mpira mnene mpya juu ya nati hiyo kubwa. Rudisha kitangi juu ya bakuli, ukiweka bolti na mipira yake midogo ndani. Kaza nati za bolti kwa zamu, kidogo kulia, kidogo kushoto, ili kitangi kikae sawa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Udongo wa kuchoma hauonyi, hupasuka ghafula. Kitangi kikiwa hakitikisiki, acha.

8. Rudisha bomba la maji, na ufungue koki polepole. Pitisha karatasi kavu chini ya kila nati. Karatasi ikilowa, kaza kidogo sana. Vuta choo mara tano, kisha upitishe karatasi tena.

9. Funga kitufe katika kifuniko. Kisirefuke mno hata kikaibonyeza valvu wakati wote, maana hapo hata valvu mpya itavuja.

Mwisho, rudia kipimo cha penseli. Fundi asiyepima kazi yake huitwa tena usiku.

KUPIMA KIMO CHA MAJI

Bomba la maji ya ziada lazima liwe chini ya matundu mengine yote ya kitangi, ili hatari ikitokea maji yaende bakulini. Boya nalo lipimwe ili maji yasimame kiasi cha sentimita 2½ chini ya mdomo wa bomba hilo. Koki nyingi za boya zina skurubu ya kurekebishia. Zile za zamani zina mkono wa shaba, ambao huweza kupindwa chini kidogo kwa uangalifu.

Kama kitufe kina sehemu mbili, wafundishe watoto na wageni: sehemu ndogo ni ya haja ndogo, na sehemu kubwa ni ya haja kubwa. Vyoo vingi vya namna hiyo hutumia kiasi cha lita 3 kwa ndogo na lita 6 kwa kubwa. Kitangi cha zamani humwaga kiasi cha lita 9 kila mara. Hicho waweza kukitilia chupa ya lita moja iliyojazwa maji na kufungwa vizuri, mahali isipogusa boya. Watu sita wakivuta mara nne kwa siku, utaokoa lita 24 kila siku, au lita 720 kwa mwezi. Usitie tofali, kwa sababu humomonyoka na mchanga wake hukaa chini ya mpira.

KWA CHOO CHA MRIJA

Kama una kitangi cha zamani cha mrija na unalazimika kuvuta mara tatu ndipo maji yashuke, mrija wenyewe ni mzima. Kilichochanika ni karatasi ya plastiki iliyo ndani ya kengele yake, ambayo huyapandisha maji. Mrija hutolewa kwa kufungua nati zilizo chini ya kitangi, na karatasi mpya hukatwa kwa kufuata kipimo cha ile ya kale, kutoka plastiki nene inayokunjika. Usitupe kitangi cha namna hii kwa sababu ni cha zamani.

KWA NINI MPIRA HUHARIBIKA UPESI

Maji ya paa huleta vumbi, majani na mchanga. Safisha mifereji ya paa kabla ya mvua za masika na za vuli, acha mvua ya kwanza iende nje, na ufunge wavu mzuri kwenye mlango wa tangi kubwa. Bomba la kutolea maji liwe juu kidogo ya sakafu ya tangi, ili tope lisivutwe.

Tena, usitie ndani ya kitangi vidonge vya dawa ya kusafishia choo. Dawa hiyo hukaa na mpira usiku kucha na kuuozesha. Dawa ya choo itiwe bakulini, isuguliwe kwa brashi, kisha imwagiwe maji.

WAKATI WA KIANGAZI

Maji yakianza kupungua, funga koki ya kitangi na utumie ndoo. Maji yaliyofulia nguo au kuogea hufaa kabisa kumwagwa bakulini. Na yule mwenye tangi moja tu kwa watu na ng'ombe afikirie vizuri kabla ya kujenga choo cha maji. Choo cha shimo kilichochimbwa mbali na kisima, chenye sakafu ya saruji, kifuniko na maji ya kunawia mikono, si aibu kwa mtu yeyote. Ni afadhali hicho kuliko choo cha maji kisicho na maji. Mwulize Afisa wa Afya ya Umma wa sehemu yenu juu ya mahali panapofaa.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Pima kwa penseli kila baada ya miezi mitatu, na hasa mvua zinapokwisha.

Safisha mpira kabla ya kununua valvu.

Peleka kifaa cha kale dukani ndipo ununue kipya.

Kaza kwa kiasi. Maji kidogo yakitoka huzuilika. Kitangi kilichopasuka hakishoneki.

Mkulima anayekinga maji ya mvua amefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuyalinda mpaka mvua nyingine ije.